Kompyuta imekataa kufunguka? Usikubali waiformate haraka

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Baraka, Fizi penyewe, Mboko, Lweba, Sebele na Kazimia, nanyi ndugu mliohama makwenu na mnaoishi kambini au kwa familia zilizowapokea: leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya unga. Ninaleta habari ya kompyuta inayokataa kufunguka kwa sababu mwenyewe amesahau neno la siri, modepasi kama tunavyosema hapa kwetu.

Mtu anaweza kuuliza: katikati ya vita, hiyo nayo ni habari? Ndiyo, ni habari. Tangu Goma ilipoanguka Januari 2025, kisha Bukavu mwezi uliofuata, na tangu mapigano yalipofika Uvira Desemba 2025, watu wanaoingia upande wetu wa Fizi hawabebi magodoro na sufuria peke yake. Wako wanaobeba kompyuta. Na kabla yao wako waliotelemka kutoka milimani, ambako vita vina miaka sasa. Ni muuguzi mwenye orodha ya watoto waliochanjwa. Ni mama mweka hazina wa likelemba mwenye hesabu ya kila mwanachama. Ni katibu wa parokia mwenye majina ya ubatizo, au mwalimu mwenye pointi za wanafunzi. Karatasi zilichomwa au zilibaki. Kilichookoka kiko ndani ya kompyuta moja, na kompyuta yenyewe haifunguki.

Kusahau huku kuna sababu yake. Neno la siri halikai kichwani tu, linakaa mikononi pia. Mtu anayeliandika kila asubuhi haliwazi, vidole vinakwenda vyenyewe. Sasa chukua kompyuta hiyo, ifunge ndani ya mfuko wa mchele, ibebe siku nne njiani, kisha ikae miezi mingi bila moto kwa sababu huna plaki ya jua wala pesa ya kuchajisha. Siku unapoiwasha, vidole vimesahau. Na kichwa kilikuwa na mambo mengine ya kukumbuka: mtoto yupi ana homa, nani amebaki nyuma, kizuizi kipi kinapitika. Kwa hiyo mzee akisahau modepasi asione haya. Akili yake haijazeeka.

Hata walioanzisha jambo hili walilemewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Marekani, kwenye chuo kikuu cha MIT, mtaalamu Fernando Corbató na wenzake walikuwa na mashini moja kubwa iliyotumiwa na watu wengi. Ili kila mtu aone kazi yake tu na asiguse ya mwenzake, wakampa kila mmoja neno lake la siri. Corbató alifariki mwaka 2019. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2014, alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba maneno ya siri yamegeuka kuwa mateso, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiyaandika kwenye karatasi, kurasa tatu nzima. Kama huyo aliandika, nani atamcheka mama wa likelemba?

Sasa nisimulie ya mtu mmoja. Amenipa ruhusa, ila jina lake na la shule yake sitalitaja. Ni prefe wa shule ya sekondari kule juu milimani. Alishuka na mke wake, watoto watano na kompyuta ya shule. Ndani yake mlikuwa na pointi za wanafunzi za miaka minne. Wanafunzi wake kumi na mmoja wa mwaka wa mwisho nao walikuwa wamefika Baraka, kila mmoja amelala kwa watu. Shule iliyowapokea hapa mjini ilikuwa tayari kuwaandikisha kwa mtihani wa Taifa, ile egzeta, lakini ilitaka buletini zao za miaka iliyotangulia. Buletini za karatasi ziliungua pamoja na ofisi. Siku za kuandikisha zilikuwa zimebaki tisa.

Prefe alikwenda kwanza kwenye sekretariya moja, pale wanapopiga fotokopi na kuchapa barua. Kijana aliiwasha, akaona inaomba neno la siri, akasema, "Papa, hapa ni kuformata tu. Dola kumi. Kesho asubuhi unaichukua, inakwenda kama mpya."

Prefe akauliza, "Na vile vilivyo ndani?"

"Vile vinaisha, Papa."

Prefe akairudisha kompyuta ndani ya mfuko wake. Alipofika redioni alinieleza hayo yote akiwa amesimama, hakutaka kiti. Akasema, "Mwanangu, wanafunzi kumi na mmoja hawawezi kuisha hivi hivi."

Hapo nataka tuelewane vizuri, kwa sababu watu wengi wamelia kwa jambo hili. Kusahau neno la siri si kupoteza vitu vyako. Vitu bado vimo, vimelala kwenye diski kama vilivyokuwa. Vinapotea siku unapokubali kuformata. Ni kama mtu aliyepoteza ufunguo wa nyumba, anakuja fundi anamwambia: tuibomoe, tujenge nyingine pale pale. Nyumba utapata. Godoro, sahani na picha za harusi, hapana. Kijana wa sekretariya hakuwa mwizi. Hiyo ndiyo kazi aliyofundishwa, inakwenda haraka, nayo inalipa. Lakini kuformata iwe hatua ya mwisho kabisa, isiwe ya kwanza.

Tulimwita fundi kijana anayetutengenezea mashini za redio. Kitu cha kwanza alichotazama kilikuwa klavye. Ile ya kompyuta yenyewe ilinyeshewa njiani, touche nyingine hazikubali tena, kwa hiyo Prefe alikuwa ameazima klavye ya nje ya kuchomeka kwa waya.

Hapa Fizi tuna klavye za namna mbili, na wengi hatuangalii. Kompyuta nyingi zinazovuka ziwa kutoka Kigoma na Dar es Salaam zina klavye ya Kiingereza. Nyingine, za mpango wa Kifaransa, zinatufikia kwa njia ya Bujumbura au kutoka Ulaya. Ya Kifaransa, mstari wa juu wa herufi unaanza A, Z, E, R, T, Y. Ya Kiingereza unaanza Q, W, E, R, T, Y. Penye A ya huku pana Q ya kule. Z na W zimebadilishana. M ya Kifaransa iko kando ya L, ya Kiingereza iko chini kando ya N. Hata tarakimu za juu, kwa Kifaransa unazipata ukibonyeza Maj pamoja nazo, kwa Kiingereza unazipata bila hiyo.

Sasa mashini inafuata mpango uliowekwa ndani yake, haifuati picha iliyochorwa juu ya touche. Ukichomeka klavye ya Kifaransa kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza, ukaandika neno "maziwa", kompyuta inapokea ;qwizq. Wewe huoni kosa, unaona vitone vyeusi tu. Unajaribu tena, inakataa tena, mwishowe unaanza kulitilia shaka neno ambalo ulilijua barabara.

Kwa hiyo, kabla ya kusema nimesahau, fanya haya. Tazama pembeni ya kioo, chini, kama pameandikwa FRA au ENG, na ubadilishe ilingane na klavye yako. Hakikisha Verr Maj haijawaka, maana herufi kubwa na ndogo hazihesabiwi kuwa moja. Hakikisha Verr Num imewaka kama unaandika tarakimu za upande wa kulia. Na kama kwenye nafasi ya kuandikia unaona alama ya jicho, ibonyeze: itakuonyesha ulichoandika badala ya vitone. Mgeuzie mgongo kila aliye karibu kwanza. Wako watu hapa Baraka waliokuja na kilio, na jicho hilo likakimaliza.

Kwa Prefe halikukimaliza. Klavye ilirekebishwa, akajaribu maneno matatu aliyoyadhani, yote yakakataliwa. Alikuwa amesahau kweli.

Hatua ya pili ni kujua konti yako ni ya aina gani, au akaunti kama wanavyosema ndugu zetu wa ng'ambo ya ziwa. Kwenye Windows ziko aina mbili. Ya kwanza imefungwa na anwani ya imeli, ni konti ya Microsoft. Hiyo unaweza kubadilisha neno lake la siri hata kwa simu ya jirani: unaingia kwenye tovuti ya Microsoft, unasema umesahau, wanakutumia namba ya kuthibitisha kwenye simu yako au kwenye imeli nyingine uliyoiandikisha. Kisha kompyuta yenyewe ipate intaneti, hata ya kugawiwa kutoka simuni, ndipo ikubali neno jipya. Aina ya pili ni konti inayoishi ndani ya mashini peke yake. Kwenye Windows 10, tangu mwaka 2018, anayeifungua konti kama hiyo na kuiwekea neno la siri anaombwa kuchagua maswali matatu na majibu yake. Ukikosea neno, chini yake inatokea nafasi ya kulibadilisha, unajibu maswali yale, unaingia.

Konti ya Prefe ilikuwa ya aina ya pili, na ya zamani, haikuwa na swali hata moja.

Nasimama kidogo hapa kwa ajili ya wanaohama. Angalieni hiyo namba ya kuthibitisha inakwenda wapi. Inakwenda kwenye namba ya simu uliyokuwa nayo zamani. Na mkimbizi, kitu cha kwanza anachonyang'anywa kizuizini ni simu. Ili urudishiwe namba ile ile lazima uonyeshe kitambulisho, na kitambulisho cha wengi wetu ni kadi ya mchaguzi, ambayo nayo ilibaki au iliungua. Ukinyamaza miezi mingi, namba inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine kabisa, na ujumbe wako ukaenda kwake. Kwa hiyo wewe uliyepata namba mpya hapa, na konti yako bado inafunguka kwenye simu au kompyuta, ingia leo, ondoa namba ya zamani, weka mpya. Usingoje mpaka siku utakaposahau.

Turudi kwa Prefe. Fundi alitazama kioo, chini upande wa kushoto, akauliza, "Papa, hili jina la pili ni la nani?" Kulikuwa na konti mbili. Ya pili ilikuwa ya mama aliyekuwa sekretere wa shule. Fundi akatueleza kwamba kama konti ya mama huyo ilipewa mamlaka ya msimamizi wa mashini, yeye akiingia anaweza kumbadilishia Prefe neno lake la siri, na hakuna pointi hata moja itakayopotea.

Lakini mama mwenyewe alikuwa wapi? Alikuwa Nyarugusu, kule Kasulu, mkoa wa Kigoma. Wasomaji wetu wengi wanaijua kambi hiyo kuliko mimi. Ipo tangu mwaka 1996, na ni nadra kupata familia ya Fizi isiyokuwa na mtu aliyeishi pale. Tuliuliza kwa watu wa kanisa lake, wao wakauliza kwa wengine, siku mbili zikapita. Hatimaye tukapata namba, tukampigia kwa WhatsApp kwa simu yangu, sauti ikiwa nje ili sote tusikie.

Prefe akasema, "Mama Sekretere, ni mimi Prefe wako. Nahitaji modepasi ya kompyuta ya shule."

Mama akanyamaza. Kisha akasema, "Sauti zinafanana. Na namba hii siijui."

Alikuwa na haki. Alitueleza baadaye kwamba alishapigiwa mara mbili na watu waliojifanya ndugu zake wamekwama njiani, wakiomba pesa. Mara ya kwanza alituma.

Akauliza, "Kama wewe ni Prefe, mwaka upepo ulipong'oa paa, mitihani tulifanyia wapi?"

Prefe akacheka. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona anacheka. "Ndani ya stoo ya mihogo ya mke wa katekista. Na mbuzi ilikula karatasi za jiografia, tukarudia."

Upande wa pili tulisikia kicheko, halafu kimya cha mtu anayefuta macho. Kisha mama akasema, "Papa Prefe, pole. Watoto wako hai?" Wakaulizana kwanza habari za watu, nani yuko wapi, nani hayuko tena. Kompyuta ilingoja. Mwishoni mama akasema, "Sasa mwambie huyo mtangazaji aondoe sauti ya nje. Neno hili si la watu wote." Prefe akaishika simu sikioni, akaandika herufi kwenye kiganja cha mkono.

Tuliingia. Konti ya mama ilikuwa na mamlaka. Fundi alimbadilishia Prefe neno lake kwa dakika chache. Alituonya kitu kimoja, nami nawapa: ukibadilishiwa hivyo, maneno ya siri ya tovuti yaliyokuwa yametunzwa kwenye konti hiyo yanaweza kupotea, lakini barua, picha na majedwali yanabaki. Majedwali ya pointi yalikuwepo yote. Prefe alichapa buletini kumi na moja, akazipiga muhuri wa shule aliokuwa amekuja nao ndani ya mfuko wa koti, akazipeleka kwa inspekta zithibitishwe. Wanafunzi tisa waliandikishwa. Wawili hatukuwapata kwa wakati. Mmoja wao alikuwa ameshakwenda kutafuta dhahabu upande wa Misisi.

Habari ingeweza kuishia hapa, lakini siku ile ile nilipata hofu ambayo sijaiacha. Wakati Prefe anashukuru, fundi aliniambia, "Yaya, hata tungemkosa yule mama, tungevitoa." Nikamwomba anionyeshe. Alizima kompyuta, akachomeka kle USB yenye Linux, akaiwasha tena ikiamkia kwenye ile kle badala ya diski yake. Haikuomba neno lolote. Akafungua diski kama mtu anayefungua ghala, na faili zote zikawa mbele yetu: pointi, barua za wazazi, orodha ya wanafunzi na vijiji vyao. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Nilifurahi kwa ajili ya wote waliopoteza tumaini. Mwalimu, muuguzi, mama wa likelemba, sikieni: kama kompyuta yenu ni ya kawaida na diski haikufungwa kwa fumbo, fundi mwaminifu anaweza kunakili kila kitu kwenye diski nyingine kabla ya kugusa lolote. Mwulizeni hivyo hivyo: "Je, unaweza kunakili kwanza?" Asipojua, nendeni kwa mwingine.

Kisha furaha ikapungua. Kama sisi tulifungua kwa dakika kumi, basi mtu mwenye bunduki aliyeinyang'anya kompyuta kizuizini naye anafungua kwa dakika kumi, akiwa na kijana mmoja anayejua kazi hii. Modepasi ya kawaida inamzuia jirani na mtoto mchezaji. Haimzuii aliyeichukua mashini yenyewe. Na mimi katika kazi yangu nimebeba sauti za watu. Wamo akina mama walionieleza yaliyowapata shambani, kwa sharti kwamba majina yao yasitoke. Walinieleza wakiamini kwamba kwangu ni mahali salama. Wakati ule yote yalikuwa nyuma ya kufuli la namna ile ile.

Iko njia nyingine, nayo ni kuifunga diski yenyewe kwa fumbo. Kwenye Windows inaitwa BitLocker, na kompyuta nyingi mpya za Windows 11 huja zimefungwa hivyo bila mwenyewe kujua. Hapo kle ya Linux haisaidii kitu. Atakayeichomeka ataona takataka tupu. Ufunguo wa akiba ni namba yenye tarakimu 48, makundi nane ya tarakimu sita sita. Ukiwa na konti ya Microsoft, mara nyingi namba hiyo imetunzwa humo. La sivyo iko kwenye karatasi au kle uliyoihifadhi. Ukisahau neno la siri na namba hiyo ukaikosa, hakuna fundi wa Baraka, wa Nairobi wala wa Marekani atakayekufungulia. Hapo ndipo vitu vinapotea kweli bila hata kuformata.

Kwa hiyo kila mtu apime kilicho ndani. Jiulize: nikikipoteza, nani ataumia? Na kikionekana, nani ataumia? Pointi za wanafunzi, kikipotea ndicho kilio. Hizo zinakiliwe mara mbili, nakala moja ikae na mtu mwingine, mahali pengine. Ushuhuda wa watu waliodhulumiwa, ukionekana ndicho kilio. Huo ufungwe kwa fumbo, hata kama mwenyewe utapata taabu. Orodha za familia zilizohama zina vilio vyote viwili: zikipotea watu wanakosa msaada, zikionekana watu wanatafutwa. Hizo zifungwe, na nakala yake nayo ifungwe.

Mimi na wenzangu tuliamua hivi. Kompyuta yenye sauti za watu tumeifunga. Zile tarakimu 48 tumezigawa: makundi manne anayo mtu mmoja, manne anayo mwingine, hawaishi mji mmoja, na hakuna aliye na yote. Mimi nikikamatwa siwezi kuzitaja hata nikitaka. Nikifa, wenzangu wawili wakikutana wanafungua. Karatasi si aibu, Corbató alikuwa nazo tatu. Aibu ni kuibandika karatasi hiyo chini ya kompyuta yenyewe, halafu mashini na neno vikabebwa pamoja.

Wasikilizaji wengi hawana kompyuta, wana simu. Simu ni ngumu zaidi. Simu nyingi za siku hizi zimefungwa kwa fumbo tangu dukani, na ukisahau namba yake ya kufungulia, njia inayobaki kwa kawaida ni kuifuta yote ianze upya. Picha za marehemu wenu na sauti zao, kama ziko kwenye simu moja tu, watumieni ndugu wawili leo jioni, hata kwa Bluetooth kama hakuna mega.

Na jambo la mwisho nimejifunza kwa yule mama wa Nyarugusu. Familia nyingi hapa zimegawanyika: baba Baraka, mama Kigoma, watoto Bujumbura au Lubumbashi. Namba zinabadilika kila mwezi, na matapeli wanajua hilo. Patana na watu wako sasa, kabla ya shida, swali moja ambalo mgeni hawezi kulijibu. Lisiwe jina la babu wala kijiji ulikozaliwa, hayo yanajulikana na kila mtu. Liwe kama lile la mbuzi na karatasi za jiografia. Anayepiga kwa namba mpya aulizwe kwanza, hata akiwa mkubwa wa familia, na mkubwa asikasirike. Prefe hakukasirika.

Walimu na wauguzi wenye kompyuta zilizofungwa, njoni redioni Jumamosi asubuhi, fundi atakuwepo. Njoni na shaja yenu na kle USB yenye nafasi, au diski ya nje kama mnayo. Mwenye risiti au barua ya shule kuonyesha mashini ni yake, ailete, maana hatufungui kompyuta ya mtu asiyejulikana. Na ukikumbuka neno lako njiani, andika mwenyewe kwa mkono wako. Usinitajie.